Mshahara ambao sijaupata, na kikao cha ukoo Kiomboi

Nimekuwa kimya kidogo kwa sababu ya testi zilizofuatana kama mabehewa, plus ripoti ya mazoezi ya kufundisha ambayo msimamizi wangu ameirudisha mara mbili. Nashukuru Mungu bado tunapumua. Leo sitaongelea testi, naomba tuongelee hela. Na sio hela ya bumu, manake ile wote tunajua inavyoingia kwa mbwembwe na kutoka kimya kimya. Naongelea mshahara wa mwalimu, kodi yake, na jinsi mtu wa kawaida anavyoweza kuwa na kitu cha maana akifika miaka 60.

Sababu ya kuliongelea hili ni kwamba mwezi wa kumi na mbili naenda nyumbani na kuna kikao cha familia kinanisubiri. Nyumbani ni Kiomboi, wilaya ya Iramba, mkoa wa Singida. Kwa wasiopajua, ukitoka hapa Dodoma unapita Manyoni, Singida mjini, unashika barabara ya Nzega mpaka Misigiri, hapo unachepuka kwenda kwetu. Ajenda ya kikao nimeshatumiwa kwa simu na baba mdogo: "Wewe mwakani unamaliza digrii. Ukishaajiriwa tu, chukua mkopo benki tumalizie nyumba ya mzee, na mdogo wako aende chuo." Yaani wadau, sijaandika hata barua ya maombi ya kazi, lakini mshahara wangu umeshagawanywa! Teh teh.

Sijakasirika. Wazee wangu wameuza alizeti na mbuzi ili mimi nikae hapa, na wana haki ya kutegemea kitu. Lakini nasoma ualimu wa hesabu, kwa hiyo nikaona kabla sijaenda kukaa kwenye kigoda mbele ya baba zangu watatu, nipige hesabu kwanza. Nazimwaga hapa ili na wewe uzitumie kwenu, manake najua vikao hivi viko kila mkoa.

Tuanze na slipu ya mshahara. Tuchukulie mwalimu ana mshahara wa 800,000 kwa mwezi. Hiyo namba nimeichagua kurahisisha hesabu tu, sio kwamba ndo ngazi ya mtu fulani. Cha kwanza kutoka ni mchango wa PSSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma ulioundwa mwaka 2018 kwa kuunganisha PSPF, LAPF, GEPF na PPF. Mtumishi anachangia asilimia 5, mwajiri asilimia 15. Asilimia 5 ya 800,000 ni 40,000. Sasa shika hapo, manake wengi tunaruka: PAYE haikatwi kwenye 800,000, inakatwa kwenye kile kinachobaki baada ya mchango wa pensheni, yaani 760,000.

Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, 270,000 ya kwanza haina kodi. Kuanzia hapo mpaka 520,000 ni asilimia 8, mpaka 760,000 ni asilimia 20, mpaka 1,000,000 ni asilimia 25, na juu ya hapo ni asilimia 30. Ile asilimia 8 zamani ilikuwa 9, ikashushwa kwenye bajeti ya Juni 2021. Aliyeisoma bajeti hiyo ni mbunge wa kwetu Iramba, Mwigulu Nchemba, aliyekuwa Waziri wa Fedha mpaka 2025. Kwa hiyo kodi ina ndugu Kiomboi, msiseme hatuhusiki!

Kwa 760,000, PAYE inakuja 68,000. Kama mchango wa pensheni usingetolewa kwanza, ungekatwa 78,000. Kwa hiyo ile 40,000 inayokuuma moyoni, 10,000 yake ingekwenda kwenye kodi kwa vyovyote vile. Na hapo mwajiri anakuwekea 120,000 juu yake. Watu wanalalamika "wanatukata, wanatukata", lakini makato yote hayafanani. Mengine yanaondoka moja kwa moja, mengine yanakusubiri uzeeni.

Tuendelee. Bima ya afya NHIF ni asilimia 3 kwa mtumishi, sawa na 24,000. Chama cha walimu CWT asilimia 2, sawa na 16,000. Halafu Bodi ya Mikopo, wale waliotulisha miaka yote mitatu, wanachukua asilimia 15, yaani 120,000. Jumla ya makato yote ni 268,000. Mwalimu wetu anaondoka na 532,000 mkononi. Bado hajakopa popote, bado hajalipa kodi ya chumba.

Sasa ndo baba mdogo anaingia na mkopo wake. Kuna kanuni ya theluthi moja: makato yote yakijumlishwa, mtumishi lazima abaki na angalau theluthi ya mshahara wake wa msingi. Theluthi ya 800,000 ni kama 267,000. Kwa hiyo benki ina nafasi ya kukata kama 265,000 kila mwezi. Tuseme mkopo ni wa miaka 5. Utarudisha 15,900,000. Kama riba ni asilimia 16 kwa mwaka (mfano tu, uliza benki yako), mkononi ulipewa kama 10,900,000. Milioni 5 nzima ni riba. Na tofauti na mchango wa pensheni, riba ya mkopo wa mshahara haikupunguzii PAYE hata senti moja.

Nina shangazi yangu mwalimu wa shule ya msingi huko huko kwetu. Ameniruhusu nimtaje bila jina. Amefundisha zaidi ya miaka 25, na kwa muda mwingi wa hiyo miaka amekuwa akiishi kwenye theluthi. Mkopo ukikaribia kuisha anaongezewa mwingine, "top-up" wanaita. Mshahara ulipopanda, makato nayo yakapanda. Akishikwa kabisa katikati ya mwezi anakwenda kwa wale wa kausha damu. Aliniambia likizo iliyopita, tukiwa tunapepeta mtama: "Mwanangu, mimi mshahara wangu sijawahi kukutana nao mzima." Shangazi yangu sio mlevi wala mtu wa anasa. Kila mkopo ulikuwa na sababu nzuri: msiba, ada, bati, hospitali. Na hicho ndo kinanitisha zaidi.

Tegemeo lake sasa ni mkupuo wa kustaafu. Hapo napo kuna mambo ya kikokotoo mnayoyasikia. Kuanzia Julai 2022 mkupuo ulikuwa asilimia 33 ya mafao, na bajeti ya 2024/25 ikaupandisha kuwa asilimia 40 kwa watumishi ambao zamani walikuwa wanapata nusu. Inayobaki inalipwa kidogo kidogo kila mwezi. Tumeona nini kutokana na hiyo safari ya miaka michache tu? Kwamba kanuni za pensheni hubadilika, na mtu mwenye kikapu kimoja anabaki anasikiliza redio.

Kikapu cha pili ni kipi sasa? Mzee wangu atasema ng'ombe. Mnyiramba na ng'ombe huwatenganishi kirahisi, na kusema kweli ng'ombe anazaa bila kukatwa kodi ya zuio! Lakini mwaka wa ukame au ugonjwa ukipita, benki yako inalala chini miguu juu. Alizeti nayo, bei inaweza kuporomoka siku hiyo hiyo unayovuna. Sisemi tuache, nasema tusiweke kila kitu hapo.

Nimezunguka kusoma, nimekuta hivi. Riba ya akaunti ya benki inakatwa kodi ya zuio asilimia 10. Gawio la kampuni iliyoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam linakatwa asilimia 5, wakati la kampuni isiyoorodheshwa ni asilimia 10. Hisa za NMB ziliuzwa kwa wananchi mwaka 2008 kwa shilingi 600, na za CRDB mwaka 2009 kwa shilingi 150. Waliokuwa walimu miaka ile wangeweza kununua, lakini hisa hupanda na hushuka, usiende na hela ya ada. Hatifungani za serikali zinaanzia 1,000,000 na zinalipa riba kila baada ya miezi sita, kwa hiyo vikundi vya VICOBA vinaweza kuziangalia pia. Kwa sisi wa hela ndogo kuna mifuko ya pamoja kama ile ya UTT AMIS, ambayo Mfuko wake wa Umoja ulianza mwaka 2005. Mimi nimeanza mwaka wa pili, natoa kidogo kwenye bumu. Ni kidogo kweli, wala sitaji, msije mkanicheka.

Hesabu iliyonifanya nianze ni hii. Weka 50,000 kila mwezi kwa miaka 30, na tuchukulie inakua asilimia 10 kwa mwaka, mfano tu. Utakuwa umeweka 18,000,000, lakini utakuta kama 113,000,000. Mwenzako akichelewa miaka 10, akaweka 50,000 ile ile kwa miaka 20, atakuta kama 38,000,000. Bei za vitu zitakuwa zimepanda, sawa, lakini zitakuwa zimepanda kwenu wote wawili. Tofauti ya milioni 75 imeletwa na ile miaka 10 ya mwanzo, ambayo ndo miaka ile ile baba mdogo anataka niitoe kwa benki.

Kuna na Bodi ya Mikopo. Mtu atasema "lipa deni haraka uwe huru". Tangu mwaka 2021 ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ilifutwa, kwa hiyo deni halikui kama zamani. Deni la 12,000,000 kwa 120,000 kwa mwezi linaisha kwa miezi 100. Mimi nitaliacha likatwe taratibu, na hela ya ziada itaenda kwenye kikapu. Deni lisilokua halina haraka, linalokua ndo la kuogopa.

Na mama yangu ana duka dogo la rejareja pale mjini. Kwa viwango vya 2019 vya wafanyabiashara wadogo, mauzo yasiyozidi 4,000,000 kwa mwaka hayana kodi hiyo ya mapato. Mwenye mauzo ya 8,000,000 asiyeweka kumbukumbu analipa 250,000. Akiweka kumbukumbu analipa 90,000 na asilimia 3 ya kilichozidi 7,000,000, jumla 120,000. Yaani daftari la shilingi elfu mbili linaokoa 130,000! Huko sio kukwepa kodi, ndo sheria yenyewe ilivyoandikwa. Ila angalieni: utaratibu huo ni wa mtu ambaye kipato chake ni biashara tu. Mwalimu mwenye mshahara hawezi kulichukua duka likawa lake halafu adai viwango hivyo. Kwa hiyo duka la mama libaki la mama, kwa jina lake na TIN yake, na mimi nitamsaidia kujaza daftari.

Naombeni pia tusidanganyike na njia za mkato. Wakubwa zetu wanakumbuka DECI, watu "wakipanda mbegu" wavune mara mbili, mpaka serikali ikaifunga mwaka 2009. Kinachokua haraka hivyo kinakula hela ya anayefuata kwenye foleni.

Sasa kwenye kikao nitasema nini? Nyumba ya mzee naitaka na mimi, anavujiwa kila masika. Mdogo wangu naye ana akili kuliko mimi, chuo hakikwepeki. Nilichoandika ni hiki: mkopo wa miaka 5 hapana. Kwenye ile 532,000, nikiipata, 100,000 itaenda kwa mdogo wangu kila mwezi mpaka amalize, 60,000 kwenye nyumba, tunanunua bati na saruji kidogo kidogo, 50,000 kwenye kikapu, na hiyo ya mwisho hakuna wa kuigusa hata kwa msiba. Inabaki 322,000 ya kuishi. Nikijibana mahali kama Kiomboi, inatosha.

Najua watakachosema. Kwamba mzee hana miaka mingi ya kusubiri bati moja moja. Hapo ndo hesabu zangu zinaishiwa nguvu, manake hakuna fomula ya kumwambia baba yako asubiri. Na ajira yenyewe sio ya uhakika, tunawajua kaka na dada zetu waliomaliza ualimu na bado wanasubiri miaka inapita. Kwa hiyo ombi langu la kwanza kwa wazee litakuwa tusikope mshahara ambao haujafika, na ombi la pili ni tuanze mwaka huu huu na alizeti: kila gunia la kumi liende kwenye bati. Shangazi amesema atakuja na slipu yake aiweke mezani, waione kwa macho yao. Kwa heshima aliyonayo pale nyumbani, namtegemea yeye kuliko meza yangu ya namba.

Kwa hiyo wewe unayesoma, kabla hujamaliza chuo, chukua karatasi upige hizo hesabu kwa ngazi yako, halafu ongea na wa kwenu mapema. Nitarudi Januari kuwaambia yaliyonikuta. Testi ya Jumatatu inaniita. Nawakilisha!