Betri Kuukuu ya King'ora Inakwenda Wapi?

Nyumba nyingi za mijini siku hizi zina king'ora cha wizi, na ndani ya kisanduku cha king'ora kuna betri ndogo nyeusi ambayo mwenye nyumba huikumbuka mara mbili tu: siku inapofungwa na siku inapokufa. Umeme unapokuwapo, kisanduku hutumia umeme huo huku kikiichaji betri polepole. Umeme unapokatika, au mwizi anapoukata makusudi, betri hushika zamu. Ya nyumbani kwetu, Dar es Salaam, ilikufa mwezi uliopita. Kisanduku kikawa kinatoa mlio mfupi usiku kucha, mithili ya kifaranga aliyepotezana na mamaye.

Kuibadilisha si kazi kubwa. Ni betri ya volti 12, ampia 7 kwa hesabu ya mafundi. Umeme wa ukutani huzimwa kwanza, betri ya zamani huchomolewa, mpya huwekwa, waya mwekundu kwenye ncha chanya na mweusi kwenye ncha hasi. Waya zikipishana, fyuzi huungua, na pengine saketi nzima. Jambo ambalo wengi hulipuuza ni jaribio la mwisho: betri ikishachaji, uzime umeme makusudi na ukilize king'ora. Betri hizi huishi kati ya miaka 3 na 5, tena kwa kukadiria mahali penye nyuzi joto 25. Kila nyuzi 10 zinazozidi hapo hukata karibu nusu ya umri wake, na sina haja ya kumweleza mkazi wa pwani hali ya chumba kilicho chini ya bati mwezi wa Februari. Kijana aliyetufanyia kazi hiyo aliandika tarehe ubavuni mwa betri mpya kabla ya kufunga kisanduku. Nilimpenda kwa hilo.

Kisha akauliza: "Hii ya zamani niondoke nayo, mwalimu?"

"Utaipeleka wapi?"

"Kwa watu wa vyuma chakavu. Wanapima kwa kilo."

Hakuna aliyepata kumwonyesha mahali pengine pa kuipeleka, na fedha ya chakavu ni sehemu ya ujira wake. Lakini tuitazame hiyo betri. Ina uzito wa zaidi ya kilo 2, na sehemu kubwa ya uzito huo ni madini ya risasi. Kinachobaki ni plastiki na asidi ya salfa. Risasi huyeyuka kwa nyuzi joto 327 tu, kiwango ambacho jiko la mkaa hukifikia bila taabu. Kwa hiyo mtu hahitaji kiwanda. Anahitaji shoka la kupasulia, sufuria, na uwanja wa nyuma. Asidi humwagwa ardhini, moshi hupanda, na vumbi hutua juu ya nguo zilizoanikwa na kwenye mikono ya watoto wanaocheza hapo. Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto mdogo ndiye anayeumia zaidi, kwa kuwa sumu hiyo hushambulia ubongo ungali unakua. Madhara mengine hayarudi nyuma.

Majirani zetu wa Kenya wanalijua jambo hili kwa uchungu. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilifanya kazi ukutani mwa nyumba za watu hadi kilipofungwa mwaka 2014. Phyllis Omido, aliyewahi kuajiriwa humo, aligundua kwamba mwanawe mchanga alikuwa na risasi mwilini, akaanza mapambano yaliyompatia Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira mjini Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na shauri hilo likapanda ngazi hadi Mahakama ya Juu.

Hapa ndipo king'ora changu kinapoacha kuwa jambo la faragha. Mimi mwenye mshahara nanunua usalama wa sebule yangu, na taka ya usalama huo inashuka mtaani hadi kwa mtoto ambaye kwao hakuna king'ora wala sebule. Wanafunzi wangu hupenda kuuliza dhuluma ya kitabaka inafananaje katika maisha ya kila siku. Wakati mwingine ina uzito wa kilo 2 na inabebwa katika mfuko wa rambo.

Atakayesema nchi zetu haziwezi kudhibiti kitu kama hiki akumbuke petroli. Azimio la Dakar lilitolewa mwaka 2001, na kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006 petroli yenye risasi ilikuwa imeondolewa karibu kote kusini mwa Sahara. Wala kwa betri hatuhitaji elimu ya kigeni. Kila mwenye duka anajua kwamba kreti la soda haliuzwi bila chupa tupu, au bila amana yake. Utaratibu huo hauna askari wala semina, na chupa zinarudi. Kwa nini chupa ya kioo, ambayo haimdhuru mtu, iwe na njia ya kurudi, na betri isiwe nayo? Muuzaji alazimike kupokea kuukuu anapouza mpya, mwagizaji apokee kutoka kwa muuzaji, na fundi alipwe amana iliyo bora kuliko bei ya chakavu. Bila hilo la mwisho, mengine yote ni maneno.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 tunayo, na taka hatarishi zimo ndani yake. Nawageukia basi ndugu zangu watumishi wa umma. Chini ya meza zenu, kando ya kila kompyuta, kuna kifaa cha kuhifadhi umeme, na vingi vya vifaa hivyo hubeba betri ya namna hii hii. Zikifa hurundikwa stoo zikisubiri mnada, na anayeshinda mnada haulizwi anakwenda kuziyeyushia wapi. Zabuni ijayo ya ofisi yako iwe na sharti moja jipya: anayeleta betri mpya aondoke na za zamani, na alete hati inayoonyesha zimepokelewa na mwenye kibali cha kuzichakata.

Ya kwangu ingali kwenye rafu, ncha zake zimefungwa kwa utepe. Fundi nilimlipa thamani ya kilo zake, naye akacheka. Nimekwisha kuuliza maduka matatu kama yanapokea. Wiki hii nakwenda la nne.