JINA LA FAILI SI AMRI

Hapa Nyalenda mimi ndiye humsomea nyanya barua. Barua ikisema, "Mpe mleta barua kuku," mimi husoma tu, sikimbilii kuku! Mwenye kuamua ni nyanya.

Mwaka 2005 iligunduliwa kwamba gedit, programu ya kuandikia katika Linux, ilikosa adabu hiyo. Ukitumiwa faili ambalo jina lake lina alama kama %n, ukalifungua, programu ililichukua jina kuwa agizo la uchapaji, ikaweza kuzimika ghafla. Kwa ufa wa aina hii, mjanja aweza hata kupenyeza amri zake.

Jamani, ufa wenyewe huzibwa kwa alama mbili tu! Katika lugha ya C, mtunga programu hutanguliza "%s", yaani, "yafuatayo ni maneno, yachape yalivyo." Wahenga hawakukosea: usipoziba ufa, utajenga ukuta.