Mdudu Asiyeonekana Kwenye Tumbawe

Leo naacha kidogo habari za programu. Wadudu hata hivyo watakuwepo, tena wenye miili.

Nilipokuwa Hamburg, Ujerumani, kwa kazi ya mkataba, nilipanga chumba kwa mzee mmoja mstaafu. Sebuleni alikuwa na tangi la maji ya chumvi la lita 300, na humo amekuza kwa miaka tisa matumbawe ya Acropora, yale yenye matawi kama pembe za swala. Alipokwenda kufanyiwa upasuaji wa nyonga akaniachia tangi na daftari la maelekezo. Wiki iliyotangulia alikuwa amenunua kipande kipya dukani.

Siku ya nne tawi moja likaanza kupauka. Nikapima chumvi, nikapima joto, kila namba iko sawa. Mwandishi wa programu anaijua hali hii: kompyuta inasema hakuna kosa, watumiaji wanalia. Nikachukua kioo cha kukuzia, nikaona vidoa vyeupe vya duara kwenye ngozi ya tumbawe. Alama za kuumwa.

Mhusika ni mnyoo bapa. Wafugaji wa matumbawe walimfahamu kabla wanasayansi hawajampa jina mwaka 2011. Leo anaitwa Prosthiostomum acroporae. Ajabu ni kwamba alijulikana kwanza kwenye matangi ya watu, ndipo mwaka 2012 ikachapishwa habari kwamba ameonekana baharini, Great Barrier Reef huko Australia. Mwili wake unapitisha mwanga, na tumboni amejaza mwani uleule anaoula pamoja na nyama ya tumbawe. Kwa hiyo rangi yake ni rangi ya chakula chake. Utamkodolea macho na usimwone.

Kumwondoa mkubwa si kazi. Unatumbukiza tumbawe kwenye ndoo ya maji ya chumvi yenye dawa ya kuoshea matumbawe, kisha unalipulizia maji kwa bomba la mpira. Minyoo wanadondoka. Mara ya kwanza nilihesabu 23.

Basi hapo wengi hushangilia, kumbe mayai yako palepale. Hutagwa kwenye shina, mahali ambapo nyama imekwisha na mfupa uko wazi, na ganda lake haliruhusu dawa kupenya. Unayoyaona unayakwangua kwa kisu. Usiyoyaona yanasubiri. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba kwenye maji ya nyuzi 27 mnyoo huyu hukamilisha mzunguko wa maisha kwa siku kama 38, na maji yakipoa mzunguko unarefuka. Maana yake ni kwamba lazima uoshe tena baada ya mayai kuanguliwa na kabla watoto hawajataga. Nikaandika ratiba kwenye simu: kila siku ya saba, wiki sita.

Matumbawe yote ya Acropora nikayahamishia kwenye beseni kubwa la plastiki lenye pampu, taa na kipasha maji. Tangi likabaki bila Acropora, na mnyoo huyu bila Acropora hufa njaa. (Kuna samaki wadogo wanaomla, lakini wanapunguza tu, hawamalizi.)

Shida ni kwamba dawa inalitesa na tumbawe lenyewe. Kufikia wiki ya tatu mawili yalikuwa yamekufa, na lile la buluu, la kwanza kabisa kununuliwa na mzee, shina lake lilikuwa limejaa mayai kwenye nyufa ambazo kisu hakifiki. Njia iliyobaki ilikuwa kukata ncha za matawi zilizo safi na kutupa shina la miaka tisa. Hilo sikuweza kuliamua mimi. Nikampigia simu hospitali. Alinyamaza kwa muda, akaniuliza kama ncha bado zina rangi. Nikamwambia zinayo. Akasema kata.

Nilipata vipande saba, vya urefu wa kidole, nikavigandisha kwa gundi kwenye vijiwe vipya. Wiki ya tano ndoo ilitoa mnyoo mmoja, ya sita hakuna. Nikaongeza wiki mbili nyingine.

Mzee alirudi na magongo yake, akahesabu vipande vyote. Lile beseni hakuliruhusu lirudi stoo. Kila tumbawe jipya sasa hukaa humo wiki sita kabla ya kuingia sebuleni.