Lipu ya Novemba

Katika kata ya Lionja, wilayani Nachingwea, msimu wa lipu huanza korosho zinapolipwa. Minada hufunguliwa Oktoba, pesa huwafikia wakulima Novemba au Desemba, na fundi huanza kuitwa huku na huku: njoo upige lipu kabla mvua haijashika. Fundi huyo ndiye anayeandika haya. Alianza akiwa saidia fundi wa kubeba karai, akafanya kazi Nachingwea na Ruangwa kwa zamu, na miaka yake mingi imekwenda katika kubomoa lipu iliyoharibika na kupiga nyingine.

Alizaliwa katika nyumba ya miti na fito iliyokandikwa udongo mwekundu. Kila kiangazi mama yake na shangazi zake walisiriba kuta upya, wakiziba nyufa kwa udongo uleule uliojengea. Paa la nyasi lilishuka chini sana, mtu mzima akaingia kwa kuinama, na maji ya mvua yakadondoka mbali na ukuta.

Saruji wakati huo ilikuwa ya watu wachache. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, lori lililotoka nayo Dar es Salaam lilisubiri kivuko cha Ndundu ili livuke Rufiji, na mvua zikikolea barabara ya kusini ilikatika kabisa. Kilichofika kilitosha msingi na sakafu. Daraja lilipunguza taabu hiyo, kisha mwaka 2015 kiwanda cha Dangote kikafunguliwa Mtwara, na mifuko ya kilo 50 ikawa inapangwa hata kwenye maduka ya vijijini. Korosho nayo ilileta fedha. Mwaka 2018 serikali ilitangaza kuinunua kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Nyumba za tofali mbichi, zilizofyatuliwa hapo hapo kiwanjani, zikaanza kuvikwa saruji nje.

Bibi mmoja upande wa Ruangwa alimpokea fundi kwa kumwonyesha rundo la vipande vya lipu chini ya dirisha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Tazama, ukuta umeikataa tena."

Fundi aligonga ukuta kwa mpini wa mwiko, kuanzia chini akipanda. Karibu na ardhi ulitoa mlio mtupu. Juu, chini ya bati, ulijibu kwa uzito. Akaokota kipande na kukigeuza. Mbele kilikuwa kigumu kama kigae, nyuma kimebeba ganda la udongo mwekundu. Lipu yenyewe ilikuwa nzima. Kilichoachia ni tofali lililokuwa nyuma yake.

Udongo wenye mfinyanzi huvimba ukilowa na kunywea ukikauka. Saruji iliyochanganywa kali, ndoo moja kwa tatu za mchanga, haiwezi kuufuata mwendo huo, hivyo inapasuka. Maji ya mvua huingia kwa ufa mwembamba, na unyevu mwingine hupanda kutoka ardhini. Ukishafika nyuma ya lipu hauna pa kutokea. Tofali hulainika humo gizani, chumvi husukuma kutoka ndani, na siku moja kipande kizima huanguka. Mwenye nyumba akiona hivyo huomba saruji iongezwe, na fundi anayetafuta kula huongeza. Nyumba kadhaa Lionja zimepigwa lipu mara mbili au tatu kwa namna hiyo, kila mara kali zaidi, huku ukuta ukizidi kuwa mwembamba.

Safari ya Kilwa Kisiwani, katika mkoa huohuo wa Lindi, ilimpa fundi jibu alilolihitaji. Msikiti Mkuu ulijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayohayo, na ukarabati ulioliwezesha eneo hilo kutolewa mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini ulirudi kwenye chokaa. Chokaa ni laini kuliko saruji na hupitisha unyevu, kwa hiyo ukuta uliolowa hupata njia ya kukauka. Tangu hapo, kwa tofali mbichi, yeye huchanganya ndoo moja ya saruji, mbili za chokaa na tisa za mchanga. Wateja wengi huitazama hesabu hiyo kwa mashaka, wakidhani anawaibia saruji.

Kuna pia lipu inayokufa kwa udhaifu wake yenyewe. Ukiipitishia kiganja inatoka unga. Hapo fundi huuliza habari za mchanga kwanza. Mchanga wa korongo huja na tope. Ukiutia kwenye chupa ya maji, ukatikisa na kuuacha utulie, tope hujipanga juu na utaona wingi wake. Halafu huuliza habari za maji. Lipu ya saruji inataka kumwagiliwa wiki nzima ndipo ikomae, na Novemba ndio wakati visima vya Lionja viko chini kabisa. Mwanamke aliyetembea kutafuta ndoo moja ya kunywa na kupikia hawezi kuambiwa aimwagie ukutani, wala fundi huyu hajawahi kumwambia.

Kwa sababu hiyo amekuwa akikataa lipu za Novemba, na amepoteza kazi kwa kukataa. Mfuko wa saruji ukikaa hadi mvua ziishe huvuta unyevu na kuganda, kwa hiyo anawashauri wateja pesa ya korosho inunue mabati na mbao kwanza. Bati hukatwa fupi ili kuokoa idadi, maji yanamwagika hatua moja tu kutoka ukutani na kurusha tope juu yake. Upenu ukiongezwa Desemba, ukuta hupita mvua salama hata ukiwa mtupu. Saruji na chokaa zinunuliwe Juni, makorongo yangali na maji. Bibi wa Ruangwa alikubali. Jirani yake aliita fundi mwingine wiki ileile.