Nilifuta Masizi Kwanza

Nilitaka mshumaa mmoja wa kutosha mgao wote wa umeme. Ile myembamba ya dukani ilikuwa ikiisha kabla watoto hawajamaliza kazi za shule, nami nikajiona mjanja kuliko wenye viwanda. Nikakusanya masalia ya mishumaa, nikaongeza pakiti mpya, nikanunua mtungi wa kioo, ule mpana wa kutilia achari.

Kuyeyusha nilikuweza. Nta niliiweka kwenye sufuria ndogo ndani ya sufuria kubwa ya maji, kwa kuwa parafini huyeyuka kwenye nyuzijoto 60 hivi, lakini ikiachwa juu ya moto mpaka ikafika 200 na kitu, mvuke wake unaweza kushika moto. Maji yanayochemka hayaifikishi huko. Sifa zangu zinaishia hapo.

Mwanzo niliweka utambi mmoja katikati. Moto ukachimba kishimo chembamba, ukazama humo, na nta ya pembeni ikabaki imeganda vilevile. Mshumaa mpana kweli hutaka tambi zaidi ya moja, ila ziwe nyembamba na zikae mbali na kioo. Mimi nilisokota uzi wa pamba mnene, nikazipanga tambi karibu na ukingo ili mwanga utoke vizuri. Sikujua kwamba kinachowaka kwenye mshumaa ni mvuke wa nta, na uzi kazi yake ni kuivuta juu. Uzi mnene huvuta nta nyingi, na moto hupanda kwa kadiri hiyo.

"Baba Neema," mke wangu aliniambia nilipouwasha, "hiyo si taa tena, ni jiko." Nikacheka. Nikamwonyesha unene wa kioo.

Unene huo ndio ulioniponza. Kioo hakipitishi joto upesi: upande wa ndani unapata moto na kutanuka, wa nje bado umepoa, na pande hizo mbili zinavutana. Kadiri kioo kinavyokuwa kinene, ndivyo mvutano unavyozidi. Vyombo vya maabara hustahimili kwa sababu kioo chake kina boroni na hutanuka kama theluthi tu ya kioo cha kawaida. Mtungi wa achari haukutengenezwa kwa kazi hiyo.

Nta yote ya juu ilipoyeyuka, tambi zikalegea. Mmoja ukainama, ukaegemea ukuta wa mtungi, na pale moto ulipogusa pakaanza kuwa peusi. Niliona. Nikasema nitaunyoosha baadaye, nikaendelea na simu yangu. Kioo kikalia tak! Nta ikatiririka mezani ikiwa na moto juu yake, ikaingia kwenye kitambaa.

Nikakimbilia ndoo. Mke wangu akapiga ukelele nisithubutu, maana maji yakizama chini ya nta inayowaka hugeuka mvuke kwa ghafla na kuirusha hewani pamoja na moto wake. Wapishi wa maandazi wanalijua hilo kwa mafuta. Akachukua sinia la pilau, akafunika, akalikandamiza hapo mpaka moto ukakosa hewa. Watoto walikuwa upande wa pili wa meza ileile.

Asubuhi nilivipanga vipande. Ufa ulianzia palepale kwenye doa jeusi, hata mtoto angeweza kuufuata kwa kidole. Nikachukua kitambaa na sabuni, nikalisugua doa mpaka kioo kikang'aa, kisha nikavipeleka dukani kwenye mfuko. Nilimwambia muuzaji, mbele ya wateja wake, kwamba ameniuzia kioo feki, kimepasuka chenyewe kabatini. Akavigeuza vipande mkononi, akaniomba radhi, akanirudishia nusu ya bei. Nilizihesabu zile pesa hapohapo, nikalalamika kwamba ni kidogo.