Askari walio ndani ya uvimbe



Mama yangu mdogo ana kansa ya ziwa. Tangu habari ilipoenea, kila juma mtu anamletea unga ao chupa na kumwambia: "Kunywa, mwili upate askari wengi." Feza ya nauli ya hospitali inaishia humo. Ndiyo sababu ninaandika juu ya hao askari.

Kweli mwili una askari. Ni chembe za kinga. Lakini madaktari waliochunguza uvimbe wa kansa walikuta mara nyingi askari wamo tayari ndani yake. Shida si uchache tu. Wengine wamechoka. Wengine wamegeuzwa: makrofaji, wenye kazi ya kumeza vijidudu na uchafu, wanausaidia uvimbe upate mishipa mipya ya damu. Kuna pia walinzi wa amani, wanaozuia askari wasishambulie viungo vyetu wenyewe. Shimon Sakaguchi wa Japani aliwatambua mwaka 1995. Mwaka 2025 alipewa tuzo ya Nobel pamoja na Mary Brunkow na Fred Ramsdell wa Marekani. Walinzi hao ni wa lazima, lakini wakijaa ndani ya uvimbe, wanaukinga.

Mwaka 2011 Marekani iliruhusu ipilimumabu kwa kansa ya ngozi iitwayo melanoma. Dawa hiyo inafungua breki ya askari. Imesaidia wagonjwa wengine, lakini askari wakifunguliwa mwili mzima, wanaweza kuumiza utumbo, ini na ngozi. Kwa hiyo watafiti wanatafuta kuwagusa wale tu walio ndani ya uvimbe: kuondoa walinzi, ao kurudisha waliogeuzwa kwenye kazi yao. Kazi hiyo ingali inaendelea.

Mnaona basi: hata wenye maabara kubwa hawaongezi askari ovyo. Unga wa sokoni utajuaje askari yupi ni wetu na yupi ni wa kansa?

Katika familia tumepatana: kila mchango utaenda kwa nauli, vipimo na matibabu ambayo daktari ameandika. Nanyi, wamama, mkigusa uvimbe kwenye ziwa, hata usiouma, mwonyesheni daktari mapema. Na anayekuletea chupa, mshukuru kwa upendo wake, kisha mwombe akusindikize hospitali.