Njia ya Usevya Ipite Shambani

Mpanda ni mji uliokuzwa na reli na madini. Tawi la reli litokalo Kaliua lilijengwa baada ya Vita Kuu ya Pili ili kusomba madini ya risasi, na tangu hapo wageni wengi wanaofika pande hizi wamekuja kuchukua kitu na kuondoka nacho: madini, mbao, asali, mpunga, nyara za uwindaji, na siku hizi picha za viboko. Nami nashika njia ya kusini, kilomita zipatazo 35 hadi Sitalike, kisha kuvuka Hifadhi ya Taifa ya Katavi hadi Kizi, niiache barabara kuu ya Sumbawanga, nipite Kibaoni na kuishia Usevya, katika Halmashauri ya Mpimbwe. Lakini shabaha ya safari hii si simba wala kiboko. Natafuta jibu la swali linalowahusu wanaoishi mpakani mwa hifadhi: mgeni anayekuja Katavi afikie wapi, aone nini na amlipe nani, ili safari yake imfae pia mwenyeji? Jibu langu ni shamba la matunda, shamba la kweli lenye watu kazini. Hilo ndilo linalofaa kuwa kituo cha kwanza cha utalii nje ya lango la hifadhi huku Mpimbwe, kwa sharti moja lisilolegezwa: shamba libaki shamba, lisigeuzwe jukwaa la maonyesho.

Sitalike panaeleza kwa nini swali hili ni la lazima. Hapa Mto Katuma unapita ukingoni mwa makazi, viboko wamejazana kwenye madimbwi yake, na ng'ambo ndiyo hifadhi. Katavi ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 1974, ikapanuliwa mwaka 1998 hadi kufikia kilomita za mraba 4,471. Ni eneo kubwa, na wageni wake ni wachache ukilinganisha na Serengeti au Manyara. Wengi wa wanaotoka nje ya nchi huja kwa ndege ndogo, hutua ndani ya hifadhi, hulala kwenye kambi za hukohuko na kuruka tena bila kukanyaga kijiji chochote. Kiingilio wanacholipa ni mapato ya taifa, na ni haki kiwe hivyo, kwa kuwa hifadhi ni mali ya taifa. Lakini tembo akitoka usiku haendi kula hazina ya taifa. Anakula mahindi ya mtu wa Kibaoni au Usevya. Ipo fedha iitwayo kifuta jasho kwa mkulima aliyeharibiwa mazao, na jina lake lenyewe linakiri kwamba si fidia kamili. Kwa hiyo mwenyeji wa Mpimbwe anaijua hifadhi zaidi kwa hasara yake kuliko kwa faida yake. Utalii wa kuongeza magari ndani ya hifadhi hautabadilisha hesabu hiyo. Utalii wa kumtoa mgeni nje ya lango na kumfikisha kwa mkulima unaweza.

Ndani ya hifadhi kwenyewe kuna ushahidi kwamba mti wa matunda unaweza kuwa mahali pa kuzuru. Karibu na Ziwa Katavi upo mkwaju ambao masimulizi ya wenyeji yanausema kuwa makao ya Katabi, mzimu wa mwindaji mashuhuri ambaye eneo zima limebeba jina lake, na watu huweka sadaka chini yake kuomba baraka. Nautaja mkwaju huu kwa sababu unakanusha dhana kwamba thamani ya Katavi ni wanyama peke yao. Watu wa huku wamekuwa na uhusiano na miti yenye kuliwa tangu kabla ya mpaka wa hifadhi kuchorwa: ukwaju, ubuyu, furu na matunda mengine ya miombo yamewalisha wawindaji, warina asali na watoto katika miezi ya njaa. Shamba la matunda la leo linaendeleza uhusiano huo mahali ambapo sheria inaruhusu mtu kuchuma, kuuza na kujenga.

Baada ya Kizi njia inashuka kwenye Bonde la Rukwa, na Usevya ipo chini, kwenye sakafu ya bonde lenye joto. Ni nchi ya Wapimbwe, na kwa miongo mingi sasa ni nchi ya Wasukuma pia, waliohamia na ng'ombe wao na majembe ya kukokotwa. Mashamba ni ya mpunga, mahindi na karanga, na mwembe umesimama uani kama mwanafamilia. Si mti wa asili ya hapa. Ulitoka Asia ukafika pwani yetu, kisha ukapandwa bara kando ya njia za misafara, na ndiyo maana Tabora na Ujiji mpaka leo ni miji ya miembe. Historia hiyo ni somo la kwanza kwa mgeni anayeingia shambani: mti anaoudhani ni wa Afrika tangu enzi ulibebwa na watu, ukajaribiwa, ukakubaliwa na udongo, hadi ukawa kivuli cha vikao vya ukoo. Mkulima anayeweza kueleza hayo na kisha akaonyesha alichokifanya yeye mwenyewe kwenye mti huo ana kikubwa zaidi cha kumpa mtalii kuliko dereva anayetafuta simba kwa redio.

Na kuna mengi ya kuonyesha kwa karibu. Mche wa kubebesha ni mfano mzuri. Mkulima huotesha kokwa la embe la kienyeji, lenye mizizi migumu inayovumilia kiangazi. Mche ukinenepa kufikia unene wa penseli, huukata kichwa, huupasua katikati na kuchomeka kikonyo cha mwembe bora kilichochongwa kama kabari, gamba likutane na gamba, kisha hufunga kwa utepe wa nailoni ili maji yasiingie. Vikishikana, mti huo utaanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne, wakati ule wa mbegu ungehitaji sita au zaidi, tena bila uhakika wa kufanana na mama yake. Mfano wa pili hauna uzuri, lakini unafundisha zaidi. Mwaka 2003 nzi wa matunda mwenye asili ya Asia aligunduliwa pwani ya Kenya, na muda mfupi baadaye akawa balaa Afrika Mashariki yote. Jike hutoboa ganda la embe lililokomaa na kutaga ndani. Nje huonekana kitobo kidogo chenye tone la utomvu. Funza huila nyama ya tunda, tunda huanguka, nao huingia udongoni kugeuka nzi wengine. Ndiyo maana mkulima makini haachi maembe mabovu yalale chini: huyaokota kila siku, huyafunga kwenye mfuko mweusi wa plastiki na kuyaanika juani hadi funza wafe kwa joto. Mgeni aliyeokota maembe hayo kwa mikono yake ataondoka akijua kwa nini tunda safi lina bei.

Msomaji atauliza nani atalipa fedha kuona mwembe. Huku kwetu mwembe uko kila ua, na swali hilo ni la haki. Jibu limekwisha kutolewa na maeneo mawili ya nchi yetu. Zanzibar, katika mashamba ya viungo ya Kizimbani na Kidichi, wageni hutembezwa kati ya mikarafuu, midalasini na mivanila, na ziara huishia kwenye kuonja matunda ya msimu, kuanzia fenesi hadi shokishoki. Mto wa Mbu, chini ya kuta za Bonde la Ufa na kando ya Hifadhi ya Ziwa Manyara, mpango wa utalii wa kitamaduni ulioanza miaka ya 1990 huwapitisha wageni kwenye migomba, mashamba ya mpunga na nyumba zinazopika pombe ya ndizi. Mfano wa Mto wa Mbu unaigusa Usevya moja kwa moja: sakafu ya bonde la ufa, maji yatokayo milimani, mpunga na matunda, makabila yaliyochanganyika, na hifadhi ya taifa jirani. Kinachotofautisha ni barabara ya watalii. Mto wa Mbu uko njiani kwenda Ngorongoro na Serengeti, na Usevya haiko njiani kwenda kokote kunakojulikana na mawakala wa utalii. Tofauti hiyo siifuti. Lakini mtalii si mzungu wa ndege pekee. Wapo wasafiri wa mabasi kati ya Sumbawanga na Mpanda, wapo wanafunzi wa shule na vyuo, watumishi waliohamishiwa Katavi na familia zao, na watoto wa mijini wanaolijua embe kwa kuliona limepangwa mezani soko la Buguruni, Dar es Salaam, tu. Shamba linaloanza na hao halihitaji kungoja ndege.

Pingamizi la pili ni majira, nalo ni zito zaidi. Wageni wa Katavi huja kiangazi, kati ya Juni na Oktoba, wanyama wanapokusanyika kwenye maji machache. Embe huiva kuelekea mwisho wa mwaka, mvua zikiwa zimeanza na barabara za udongo zikiwa matope. Anayeuza ziara ya kula maembe mwezi wa saba anauza uongo. Lakini pingamizi hili linavunja maonyesho, halivunji shamba. Shamba lina kazi mwaka mzima, na kila mwezi una somo lake. Kiangazi mwembe unachanua, na hapo ndipo msimu mzima huamuliwa, ikiwa ukungu na wadudu watayala maua au la. Ndiyo miezi ya ukwaju na ubuyu kukomaa, ya papai na ndizi zilizomwagiliwa, na ya madalali kuja kununua mti mzima ungali na maua. Biashara hiyo ndiyo mgeni anayopaswa kuielewa kuliko zote: mkulima mwenye shida ya ada za shule hupokea fedha leo kwa matunda ambayo hakuna ajuaye yatakuwa matenga mangapi, na dalali hubeba faida ya mti uliobarikiwa. Kiingilio cha mgeni katika miezi hiyo ya ukata kinaweza kumpa mkulima nguvu ya kungoja embe likomae na kuliuza kwa bei anayoitaka. Na kwa kuwa embe bivu halisafiri mbali, embe lililokaushwa vizuri kwa jua wakati wa msimu linaweza kumngoja mgeni wa kiangazi.

Kuna wanaohofia kwamba kupanda matunda kando ya hifadhi ni kumwita tembo kwa jina. Ni kweli tembo hupenda embe na mgomba, na shamba lililopandwa ovyo kwenye mapito yake litajuta. Hilo ni suala la mahali pa kupanda na namna ya kulinda. Utafiti ulioanzia Kenya umeonyesha kwamba tembo huwaogopa nyuki, na uzio wa mizinga iliyoning'inizwa kwenye waya, hatua chache kutoka mmoja hadi mwingine, huwazuia wengi wao. Katavi ni mkoa wa warina asali. Uzio huo hapa ungelinda shamba na kutoa zao la pili. Wengine watataja maji, nao wana sababu: Mto Katuma umepungua sana kiangazi kwa sababu ya skimu za mpunga zilizo juu yake, na viboko wameteseka kwenye tope. Lakini mwembe si mpunga. Unahitaji kumwagiliwa miaka yake ya mwanzo, kisha mizizi hujitafutia chini. Mwenye eneo dogo kando ya mto anayepunguza majaruba na kuongeza miembe anaurudishia mto maji. Na kwamba vijiji vya Mpimbwe vinaweza kujiwekea taratibu za mahali pa kupanda na matumizi ya maji na kuzisimamia si ndoto: kampeni ya WASIMA, yaani Watu, Simba na Mazingira, ilifanya kazi na vijiji hivi hadi vikatunga sheria ndogo dhidi ya desturi ya kuua simba na kuzunguka ukicheza ngoma ili kupewa zawadi.

Pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote linahusu heshima. Je, si aibu kumfanya mkulima mwenye jembe mkononi kuwa kitu cha kutazamwa? Ni aibu, ikiwa analipwa ili aigize. Hapo ndipo sharti langu la mwanzo linapopata uzito. Shamba likianza kuishi kwa wageni, miti ya maonyesho hutunzwa na iliyobaki husahauliwa, na ugonjwa mmoja wa dunia, kama tulivyoona mwaka 2020 ndege zilipotua na kutoruka, huua shamba na utalii kwa pamoja. Matunda yawe ugali, mgeni awe kitoweo: kikikosekana kitoweo, watu wasilale njaa. Mkulima anayeuza matunda yake sokoni hata mgeni asipokuja ndiye anayeweza kumwambia mgeni leo tunapulizia dawa, rudi kesho. Uwezo huo wa kukataa ndiyo heshima yenyewe, nao humgeuza mgeni kuwa mwanafunzi.

Kwa hiyo naitaka Halmashauri ya Mpimbwe na serikali ya kijiji Usevya zianze na machache yanayowezekana. Waorodheshwe wakulima wa matunda walio tayari kupokea wageni, na wawe wale wanaouza tayari. Bei ya ziara ibandikwe kwenye ofisi ya kijiji, pamoja na mgawo wa mkulima, wa kijana anayeongoza na wa mfuko wa kijiji. Mwenye shamba apewe hatimiliki ya kimila, kwa sababu hakuna atakayebebesha mche wa miaka 30 kwenye ardhi ya kuazima. Kambi za ndani ya hifadhi zinunue mapapai na ndizi zao Usevya kabla ya kuagiza kutoka mbali, na ziwaeleze wageni wao tunda la asubuhi limetoka kwa nani. Hayo hayahitaji mfadhili wala hoteli. Yanahitaji uamuzi kwamba njia ya Katavi haiishii langoni.